Kinyozi Aliyeogopa Mkono Wake

Mteja alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho kayafumba, shingo yote iko nje. Upande mmoja wa ndevu ulikuwa umeshanyolewa, upande wa pili umejaa povu. Hapo ndipo kinyozi alipouweka wembe mezani, akasema, "Samahani mwalimu, nakuja," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu akangoja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa subira, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kunyolewa na mtu mwingine. Wateja walimwita kinyozi huyu Mwepesi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kumfanya mtu asinzie kitini. Povu likaanza kukauka na kumwasha. Mwalimu akafumbua macho, akatazama feni, akatazama kalenda, kisha akamgeukia Kipara, kinyozi wa kiti cha pili.

"Mwenzako amekwenda wapi?"

"Tumbo, nadhani," alisema Kipara.

Kipara hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, na mzaha wake wa kila siku ni kwamba yeye ndiye tangazo la duka: anayetaka kujua jinsi wanavyonyoa vizuri amtazame yeye. Leo hakutania. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile mwenzake kumwacha mtu na nusu ya ndevu.

Mwepesi alikuwa nyuma ya duka, kwenye bomba, ananawa mikono. Hakuumwa tumbo. Alichokiona ni mkono wake mwenyewe ukishuka, na wembe ukipita kwenye koo la mwalimu. Alikiona waziwazi kama alivyoliona bomba lile. Hakuwa na chuki na mwalimu wala hasira na mtu yeyote. Picha ilikuja yenyewe, kama inzi anavyotua, na nyuma ya picha likaja swali: je, ukifanya kweli? Akanawa tena. Alipotazama mikono yake, ilikuwa imetulia tuli, haitetemeki hata kidogo, na utulivu ule ndio uliomtisha zaidi.

Kipara alimaliza ndevu za mwalimu. Wakati wa kulipa, mwalimu alisimama kidogo mlangoni.

"Mwambie kama nimemkosea aniambie," alisema. "Mimi ni mtu mzima. Nitaelewa."

Kesho yake alikuja, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Kipara, akangoja foleni ya watu wanne, na kiti cha Mwepesi kikiwa kitupu.

Mke wa Mwepesi alikuwa anapiga pasi katika duka la dobi. Alirudi jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa, akavua viatu, akaingia jikoni kukata vitunguu. Hakukiona kisu. Akafungua droo: hakuna kisu, hakuna mkasi, hata kile kisu kidogo kilichovunjika mpini hakimo.

"Kidoti," alimwita mwanawe, msichana wa miaka mitano mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. "Nani kachukua visu?"

"Baba. Kaviweka juu ya kabati. Kavifunga kwenye shati."

"Kwa nini?"

"Sijui. Amesema nisiguse. Halafu mama, baba hataki kunibeba. Nikikaa mapajani anainuka."

Mama Kidoti aliliona hilo tangu wiki tatu nyuma, akalinyamazia. Alidhani mumewe ana mwanamke. Alikuwa ameshajiandaa kwa hilo, ameshapanga hata maneno. Akampeleka mtoto kwa jirani, akarudi, akamkuta mumewe amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono kaikunja chini ya makwapa kama mtu mwenye baridi.

"Baba Kidoti, visu vinafanya nini juu ya kabati?"

Akatazama njia.

"Nimeuliza kwa upole," alisema mkewe. "Mara ya pili sitauliza hivi."

"Kila nikikishika kisu inanijia picha."

"Picha ya nini?"

"Namkata mtu. Kwanza ilikuwa wateja." Akazidi kuibana mikono. "Sasa ni mtoto."

Mama Kidoti alishika fremu ya mlango. Alikuwa na maneno ya mwanamke mwingine. Hili hakuwa amelipangia.

"Mtoto yupi?"

"Tuna mtoto mmoja, Mama Kidoti."

"Unataka kumfanya hivyo?"

"Ningetaka ningevificha?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Sitaki. Naogopa mpaka silali. Lakini kama sitaki, mbona naona? Mtu mzuri anaona vitu hivi?"

Mkewe angeweza kumjibu, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama kwenye neno mtoto na hayakusikia mengine. Alipita kando yake pasipo kumgusa, akaingia chumbani, akaanza kutia nguo za Kidoti kwenye mfuko. Mumewe akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo.

"Nendeni kwa mama yako," alisema. "Ndivyo nilivyotaka nikwambie. Nilikosa pa kuanzia."

Zipu ya mfuko ilikwama. Akapiga hatua moja ndani ili amsaidie, naye Mama Kidoti akaruka nyuma, mfuko kauweka mbele ya kifua. Wote wawili waliliona hilo. Mume akarudi kizingitini, akamwacha ahangaike na zipu peke yake.

Mama mkwe wa Mwepesi alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Mtu amekwambia kwa mdomo wake anafikiria kumchinja mwanao," alisema. "Unangoja nini? Polisi si mbali."

"Hajafanya kitu, mama."

"Unataka afanye kwanza?"

"Aliniambia mwenyewe. Angetaka kufanya angeniambia?"

"Wazimu hauna siri, mwanangu. Unasema kila kitu."

Mama Kidoti hakulala vizuri, na asubuhi, badala ya polisi, alikwenda kwenye duka la kunyolea. Kiti cha mumewe kilikuwa kimefunikwa shuka. Kipara akamtoa nje, wakasimama karibu na bomba.

"Shemeji, haji kazini siku ya pili. Simu hapokei. Kuna nini?"

Mama Kidoti alitaka kusema tumbo. Lakini uso wa Kipara haukuwa na utani, naye alikuwa amechoka kulibeba neno lile peke yake. Akamwambia. Alipomaliza, Kipara alilifungua bomba, akalifunga, bila kunawa.

"Unajua kila mwanzo wa mwezi huwa naaga naenda kwa daktari wa meno?"

"Najua. Mume wangu hukucheka."

"Shemeji, nina meno mangapi? Miaka minne nakwenda kwa daktari wa meno." Akapunguza sauti. "Nakwenda kliniki ya akili. Nilikuwa siamki kitandani. Mke wangu ndiye ajuaye, na sasa wewe. Wananipa vidonge, na kuna mtu nakaa naye tunaongea. Yote mawili. Kimoja bila kingine nilijaribu, sikufika mbali."

"Watamfunga?"

"Mimi hawakunifunga. Lakini sikusema jambo kama lake, kwa hiyo sikudanganyi. Ninachojua ni kwamba mficha uchi hazai. Tumpeleke, aseme."

Kliniki ilikuwa nyuma ya hospitali, ukipita jengo la kufulia. Dirisha moja lilikuwa na nondo, na Mwepesi hakuliondolea macho tangu walipokaa kwenye benchi. Upande mmoja alikaa Kipara, upande wa pili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, alikaa Mama Kidoti. Mbele yao mwanamume mmoja alikuwa akiongea na ukuta kwa adabu sana, anaupa nafasi ya kujibu.

"Ndiko ninakokwenda," Mwepesi alimnong'oneza mwenzake.

"Yule anaumwa kitu kingine. Kaa."

Kisha akaja mteja wao wa Jumamosi, dereva wa lori, na karatasi mkononi. Wakaonana. Dereva akatazama sakafu, Mwepesi akatazama dirisha, na wakapishana kama watu waliokutana wakiwa uchi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye mafua makali. Alipenga, akaomba radhi, akauliza jina, umri, kazi. Aliposikia kinyozi, kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea, na Mwepesi akaona vile ilivyosimama.

"Nini kimekuleta?"

Alikuwa amejiandaa kusema usingizi. Usingizi ungempatia vidonge vya usingizi na angetoka salama kwa mlango ule ule. Alifungua mdomo, akamtazama mkewe. Mama Kidoti alikuwa akitazama magoti yake. Hakumsaidia, lakini hakuondoka.

"Naona namuua mwanangu," alisema.

Alingoja daktari apige kengele. Daktari alipenga tu.

"Hayo mawazo unayafurahia?"

"Hapana."

"Kuna sauti inayokuamrisha? Unaisikia kwa masikio?"

"Hapana. Ni mimi mwenyewe. Ni kichwa changu."

"Umewahi kumpiga mtoto kwa hasira? Kumjeruhi mtu?"

"Sijawahi kumkata hata mteja, daktari. Miaka kumi na moja."

"Pombe? Bangi?" Hapana, hapana. "Yakija, unafanya nini?"

"Nanawa. Naficha visu. Namkimbia mtoto. Najiuliza kama mimi ni mtu wa hivyo, najichunguza moyoni, napata jibu kwamba hapana, nusu saa baadaye nauliza tena."

Maswali yalikuwa mengi, mengine akaulizwa mke peke yake, mume akiwa nje. Mwishowe daktari akawaita wote wawili.

"Haya ni maradhi, na yanajulikana," alisema. "Wazo baya humpitia kila mtu. Kwako linanasa, kwa sababu linagusa unachokipenda kuliko vyote. Unavyolikimbia, ndivyo linavyokufuata. Tutakupa dawa, na utakaa na mshauri wetu kila wiki. Dawa peke yake itapunguza makelele, lakini wewe utabaki na mazoea ya kukimbia. Mshauri atakufundisha usikimbie. Kwa ulivyo leo huwezi hata kukaa umsikilize, ndiyo maana tunaanza na vyote viwili."

"Nitapona lini?"

"Sikupi tarehe. Dawa hii haifanyi kazi kesho. Wiki nne, sita, wengine kumi. Na wiki mbili za kwanza unaweza kujiona umezidiwa: kichefuchefu, wasiwasi, mikono kutetemeka. Usiiache ghafla. Na ukifika mahali unafikiri bora ufe, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na mtoto?" aliuliza Mama Kidoti. Ndilo swali pekee alilokuja nalo.

"Kwa niliyoyasikia leo, sioni hatari ya mtu anayepanga kudhuru. Naona mtu anayeogopa. Tutaendelea kumwangalia. Wewe kaa kwa mama yako kama utapumua vizuri huko, lakini si lazima."

Si lazima. Akalirudia neno hilo njiani, na hakujua alishike kwa upande gani.

Kwenye dirisha la dawa palikuwa na watu sita nyuma yao. Mtoaji dawa aliisoma karatasi, akaita kwa sauti ya mnadani, "Huyu wa magonjwa ya akili nani? Njoo uelezwe." Mwepesi akasogea. Watu sita wakasogea pia, kinyumenyume.

Kwanza ilikuwa tumbo. Kisha mikono. Siku ya nane, akijimiminia maji, aliyamwaga nusu, na kinyozi ambaye mkono wake ulikuwa sifa yake akakaa anautazama ukicheza kama wa mlevi. Nyumba ilikuwa kimya. Mke na mtoto walikuwa bado kwa mama mkwe. Alimwona Kidoti Jumapili tu, sebuleni kwa watu, mama mkwe akiwa kiti cha katikati na fimbo yake ya kutembelea, ambayo siku nyingine hakuikumbuka.

Siku ya kumi na moja aliacha vidonge. Hakumwambia mtu. Kufikia siku ya kumi na tano kichwa kilikuwa kikimrusha kama kimeguswa na umeme, na picha hazikungoja tena kisu. Zilikuja kwa kijiko, kwa taulo, kwa mikono mitupu. Asubuhi hiyo wazo jipya likaja taratibu, likiwa limevaa sura ya wema: mtoto atakuwa salama kabisa kama baba hayupo.

Wazo hilo halikumtisha, na hapo ndipo alipomkumbuka daktari. Akatoka kama alivyo, malapa miguuni, akaenda kwa miguu mpaka kliniki, siku isiyo yake, akakaa kwenye benchi.

Daktari alimwona kati ya wagonjwa wawili. Mafua yalikuwa yamekwisha.

"Umefikiria kujiua?" aliuliza, bila kuzungushazungusha.

"Nimefikiria nisiwepo."

"Umepanga namna?"

"Bado."

"Vizuri umekuja." Hakumgombeza kuhusu vidonge. Alimwanzishia upya kwa nusu ya kipimo, apande polepole. Akampigia Kipara simu, na Kipara akaja na godoro lake, akakaa naye siku tisa. Vidonge alivihifadhi Kipara. Asubuhi alimpa kimoja, akangoja akimeze, kisha akasema, "Fungua mdomo," kama mtoaji wa dawa za minyoo shuleni, na mara moja katika siku hizo tisa Mwepesi akacheka.

Mshauri alikuwa mwanamume mnene mwenye mikono ya mbeba mizigo. Chumba chake kilikuwa stoo zamani. Rafu bado zilikuwa na alama za makopo. Mikutano mitatu ya kwanza walizungumza tu. Wa nne akamsukumia karatasi.

"Andika lile unaloliogopa. Sentensi moja."

Mwepesi aliandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua.

"Soma kwa sauti."

"Nikisoma si nitakuwa nalikaribisha?"

"Limeshaingia zamani. Soma."

Akasoma. Jasho likamtoka. "Tena," alisema mshauri. Alisoma mara ya tano, ya kumi, ya ishirini, saa ya ukutani ikitembea. Hofu ilipanda mpaka kooni, ikakaa hapo, akadhani atakufa nayo kitini. Hakufa. Kwenye usomaji wa thelathini na kitu ilianza kuchoka kabla yake.

"Niambie basi," alisema Mwepesi akijifuta uso. "Niambie sitafanya."

"Sitakwambia."

"Kwa nini? Wewe si ndiye mtaalamu?"

"Nikikwambia, utatulia mpaka getini. Pale getini utajiuliza kama nilikuwa na hakika. Ulinyoa watu miaka kumi na moja. Kila asubuhi ulikuwa na hakika?"

"Sikuwa nikijiuliza."

"Basi. Huko ndiko tunakorudi."

Hakutoka pale akiwa na furaha. Alitoka akimchukia. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata, na mahali fulani kati ya wiki ya sita na ya nane, asubuhi moja, alimaliza chai yote ndipo alipogundua kwamba picha haikuja. Ilikuja baada ya kugundua. Hata hivyo chai ilikuwa imekwisha.

Wiki ya tisa mshauri alimwita Mama Kidoti.

"Wewe unaogopa nini?" alimwuliza, mumewe akiwa amekaa pale pale.

Alitaka kusema kwamba haogopi. Akautazama ukuta wenye alama za makopo.

"Naogopa nisije nikawa yule mama aliyeambiwa mapema, akanyamaza," alisema. "Watu watasema, aliambiwa. Nami mwenyewe nitasema."

Mumewe aliinamisha kichwa. Mshauri hakuharakisha kumtuliza.

"Nimekaa na wengi wa maradhi haya," alisema baadaye. "Wanaficha visu. Sijaona anayevitafuta. Lakini hakika unayoitaka sina, na wala mama wa mtoto mwingine yeyote hanayo. Kuna jambo moja tu nakuomba. Akikuuliza, 'Nitamdhuru?' usimjibu."

"Hata hapana?"

"Hata hapana. Hapana yako inamtuliza nusu saa, kisha atataka mbili."

"Nikae kimya, mume wangu anaungua?"

"Kaa naye. Usimjibu tu."

Mama Kidoti na mwanawe walirudi nyumbani Jumamosi, na mama mkwe akaja nao. Alikaa siku nne, mkoba mapajani, kama abiria. Alilala na Kidoti, akaoga na Kidoti, akamfuata mpaka chooni. Siku ya nne alimwona mkwewe akichukua kisu kutoka kwenye droo, mbele ya mtoto, akakata nyanya tatu, polepole, midomo ikitetemeka na jasho likimshuka shingoni. Mama mkwe akasimama, akakaa, akasimama tena. Alipomaliza, mkwe aliweka kisu mezani, hakukificha.

"Unaumia hivyo kila siku?" bibi aliuliza.

"Kila siku, mama."

Bibi aliondoka kesho yake. Hakusema amemsamehe wala hakusema neno la polisi. Alimwachia fimbo mwanawe, nyuma ya mlango.

Siku iliyomwogopesha Mama Kidoti ilikuja bila kubisha hodi. Shule ilikuwa imefungwa, jirani amesafiri, na msimamizi wa dobi akapiga simu kwamba kuna mashuka ya hoteli na asiyekuja leo asije tena. Mwepesi alikuwa nyumbani. Kazini alikuwa anakwenda nusu siku, anatumia mashine, wembe bado.

"Naweza kwenda naye," alisema Mama Kidoti. "Atakaa chini ya meza."

"Kwenye moto wa pasi?"

Wakatazamana. Aliliona swali likimjaa mumewe machoni, akaona anavyolizuia lisifike mdomoni. Hakulijibu. Akavaa viatu. Alimbusu Kidoti mara mbili, akatoka, na hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akigeuka atarudi.

Saa mbili, saa tatu. Alipiga pasi mashuka ishirini pasipo kuliona hata moja. Saa tano alipiga simu, ikaita, haikupokelewa. Alijiambia wako nje. Saa sita akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akaunguza shuka, alama ya kahawia yenye umbo la pasi, na msimamizi akasema litakatwa kwenye mshahara. Akaitikia. Angeitikia lolote. Saa nane aliachia pasi, akasema anaumwa, akatoka.

Njiani alitembea, kisha akaanza kukimbia, mwanamke mzima na sare ya kazi, na watu wakampisha. Kichwani hamkuwa na mshauri wala daktari. Mlikuwa na sauti ya mama yake tu: unangoja nini, unangoja nini.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Redio ilikuwa ikisema peke yake. Simu ya mumewe iko kwenye chaji, juu ya meza. Jikoni hamna mtu. Chumbani hamna mtu, na viatu vidogo viko chini ya kitanda, kimoja kimelala ubavu.

"Kidoti?"

Akapita jikoni, akausukuma mlango wa uani.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kwenye kivuli cha ukuta. Mume alikuwa amempa kisogo. Mkono wa kushoto umeshika mkono wa mtoto, wa kulia una wembe, mpya, karatasi yake iko kando. Alikuwa akimkata kucha. Vipande vilivyokatwa vilikuwa vimepangwa kwenye kifuniko cha kopo, na fulana yake ilikuwa imelowa mgongo mzima.

Mama Kidoti alifungua mdomo. Mkono wake ulishanyooka kumnyakua mtoto kwa bega.

"Mama, usinitikise," alisema Kidoti, macho yako kwenye kidole chake. "Baba amesema mtu wa kukatwa hatikisiki."

Mumewe akageuza kichwa. Uso ulikuwa wa kijivu, macho mekundu, na swali lilikuwa limeiva mdomoni mwake. Alimtazama mkewe kama mtu aliye majini anavyotazama ukingo.

"Mama Kidoti," alisema. "Nita..."

Akanyamaza mwenyewe. Mkewe alishusha mkono. Neno hapana lilikuwa tayari chini ya ulimi, tamu, na angelisema si kwa ajili ya mumewe tu, bali kwa ajili yake mwenyewe pia. Akalimeza.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Mbili," alisema Kidoti. "Na za miguu zote."

Mama Kidoti akakaa kwenye ukingo wa mkeka, karibu kiasi cha kumfikia mtoto. Mikono yake haikutulia, kwa hiyo akaikalia. Baba akafuta jasho kwa bega, akakishika kidole kinachofuata.